Papa Lita Saba na Gari Lisilobeba Kitu

Jumatatu asubuhi nilikuwa gereji moja pale Mususa, nikisubiri pikipiki yangu ibadilishwe tairi, fundi akainua kichwa kutoka kwenye injini na kuniambia kwa sauti ileile anayotumia kuomba spana: "Ulisikia? Papa Lita Saba alikufa jana." Nikamuuliza amekufa na nini. "Buzee tu. Alikula, akalala, basi." Wasomaji wangu, nakiri mbele yenu kwamba nilicheka. Kitu cha kwanza kilichonijia machoni ni yule mzee akiwa amevaa koti na tai, amechutama nyuma ya pikapu yake, ameshika chupa ya kupimia mazutu, yaani dizeli, kama nesi aliyeshika sindano. Fundi naye alicheka, tena kuliko mimi. Kisha tukaona haya wote wawili, tukavua kofia. Watu wa Butembo na Beni wanajua ninamzungumzia nani. Nyinyi wengine nitawaeleza, ila jina lake halisi sitalitaja, kwanza kwa heshima ya familia, na pili kwa sababu nusu ya mji haikulijua.

Alikuwa mfanyabiashara wa viazi na kabichi za kutoka Masereka, lakini kabla ya biashara alikuwa karani wa shule kwa miaka mingi, na huko ndiko alikopata ugonjwa wake. Aliamini karatasi. Mama yake mzazi, alipokuwa hai, alimwambia mara nyingi kwamba alizaliwa wakati wa kuvuna maharage. Cheti cha ubatizo kilitaja mwezi mwingine kabisa, na yeye akamsamehe mama yake kwa kusahau. Akiumwa, hakukubali kulala kitandani mpaka zahanati imwandikie kwamba ni mgonjwa. Mke wake aliwahi kuniambia kwamba ili mumewe aamini kuwa anampenda, lazima ampelekee barua. Hata hivyo alikuwa mtu mwema, shemasi wa kanisa lake, na kwake hakuna mgeni aliyetoka na njaa.

Sasa lori lake la zamani lilipokufa, akanunua pikapu mpya, nyeupe, ambayo viti vyake vilikuwa bado na nailoni. Ndani yake kulikuwa na kitabu cha gari, na ndani ya kitabu kulikuwa na ukurasa uliosema kwamba gari hilo linakunywa lita saba kwa kilomita mia. Mzee akaukata ukurasa ule kwa wembe, akaupeleka kutiwa plastiki, akautundika kwenye kioo cha mbele, mahali ambapo wengine hutundika msalaba. Kila Jumapili baada ya ibada alisimama uani kuwasomea watu habari ya lita saba, mpaka jina likamganda. Mimi nimesoma kidogo tangu siku zile, na najua namba kama ile inavyopatikana. Gari huwekwa ndani ya jumba safi, magurudumu yanazunguka juu ya vyuma, hakuna kilima, hakuna tope, na hakuna shangazi anayesimama njiani kupunga kitambaa. Hapo hata mimi ningekunywa kidogo. Lakini wakati ule hakuna kati yetu aliyejua hayo, na mzee alikuwa na karatasi.

Pikapu yenyewe haikuwa imesoma kitabu. Ilikunywa kumi na tano, wiki hadi wiki. Kwa hesabu ya mzee, nusu ya mazutu ilikuwa inapotea, na kama inapotea basi kuna mtu anaichukua, na mtu aliyelala na kuamka na gari lile alikuwa mmoja tu: shofa wake, dereva aliyemwendesha miaka kumi na tisa bila kugongana hata na kuku. Mzee hakumwita mwizi mara moja. Kwanza alimsomea mistari ya Biblia. Halafu akampeleka fundi wa kuchomea achomee kufuli kwenye kifuniko cha tangi, na ufunguo akauvaa shingoni. Halafu akaanza kunusa mashati ya shofa, nayo yalinuka mazutu, kama mashati ya mashofa wote duniani. Shofa alisema neno moja tu kila mara: "Tata, ii gari inakunywa hivi." Mwezi wa tatu tangu anunue gari, mzee akasimama uani mwa kanisa, mahali palepale pa lita saba, akasoma kwa sauti kutoka daftari lake kwamba shofa wake ni mwizi. Akachukua funguo za gari.

Hapa lazima niseme sehemu yangu, ingawa ningependa kuiruka. Wiki ile niliandika katika safu hii juu ya "mashofa wanaokunywa mazutu kwa mrija". Sikutaja mtu, lakini katika mji wetu kutotaja ni namna ya kutaja. Watu walicheka sana, nami nikatembea wiki nzima nimeinua kidevu. Shofa naye alitembea kutoka bohari hadi bohari, na hakuna aliyempa usukani. Binti yake alikuwa amechumbiwa na familia moja ya Beni. Wale wakwe wakaanza kuwa na shughuli nyingi kila walipoalikwa, na mama wa binti akaacha kwenda sokoni kwa sababu ya macho ya watu.

Basi siku moja shofa alikuja kwa mzee, akanikuta nami niko pale nakula. Hakukaa. Akasema: "Tata, panda weye mwenyewe. Tujaze tangi mpaka juu, twende Beni, tujaze tena. Kama ni lita za kitabu yako, mi nasimama kwa kanisa, nasema niko mwizi. Kama hapana, weye njo utasimama." (Hiyo "njo" ni "ndiyo" yetu.) Mzee alikubali, akanigeukia: "Na weye wa gazeti utakuja, uandike." Nilikubali haraka. Nilidhani nimepata safu nyingine ya kuchekesha.

Mzee alifanya kosa dogo. Jioni ile alisema nyumbani kwake, mbele za watu, "Kesho naenda Beni." Nyinyi mnajua sentensi hiyo inafanya nini Butembo. Tulipofika asubuhi, shemeji yake alikuwa amekaa juu ya magunia mawili ya viazi ya kumpelekea binti yake aliyejifungua. Kulikuwa na kabati la pasta, la mbao nzito, linalopelekwa kwa pasta mwenzake. Kulikuwa na mbuzi wa shughuli ya harusi ya mpwa mmoja. Kulikuwa na akina mama sita wa kwaya pamoja na ngoma yao, wanaokwenda semina. Sitaficha kwamba kulikuwa pia na gunia la kabichi la dada yangu, nililolileta mwenyewe. Shofa alitazama mlima ule, akaanza kukaza kamba. Mzee akatoa daftari, akajaza tarehe, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa karani: Mzigo: hakuna.

"Papa," nikamwambia, "na hivi vyote?"

"Unaona mutu mwenye alilipa?"

"Hapana."

"Basi muzigo iko wapi? Ii yote ni ya famiye."

Nami, mtoto wa hapa, niliona amejibu vizuri. Mzigo ni kile kinacholipiwa nauli. Kinachobebwa kwa ajili ya ndugu ni salamu tu, na salamu hazina kilo. Tuliondoka. Mzee alimwazima shofa usukani kwa siku hiyo, akaamuru tuendeshe kama watu waliobeba mayai, na kwa kweli tulikuwa tumebeba mayai, trei tatu, mapajani mwangu. Akina mama waliimba kwa sauti nne. Kwenye tope moja lori lilikuwa limekwama mbele yetu, tukangoja muda mrefu na injini ikiwaka, kwa sababu kwaya ilitaka kusikiliza wimbo wao mpya kwenye redio ya gari na mzee aliona vibaya kuwazimia.

Njiani kuna mahali pa kulipia barabara, peaji kama tunavyosema, na pale alikaa mama mmoja mwenye kofia na muhuri. Kwenye kitansi chake, yaani risiti, kuna nafasi ya kuandika kama gari ni tupu au limebeba. Mzee akatoa kichwa dirishani. "Andika vide, mama, iko tupu." Yule mama akatoka kibandani, akazunguka gari polepole. Akainua turubai, mbuzi akamtazama.

"Papa, na huyu?"

"Ni wa bibi-arusi."

"Na kabati?"

"Ya Pasta."

"Na bamama bote hawa?"

"Ni kwaya."

"Papa wangu, kwaya haina kilo?"

Akina mama wakapiga kelele, nusu yao wakicheka na nusu wamekasirika. Mwenye kofia hakubishana zaidi. Alirudi kibandani, akaandika CHARGÉ, limebeba, kwa herufi kubwa, akapiga muhuri, akampa mzee kitansi. Mzee akakisoma. Akakigeuza nyuma. Akauchunguza muhuri: wa mviringo, wa buluu, umekolea vizuri. Kisha akainua macho kwenye ule ukurasa wa plastiki uliokuwa ukining'inia kwenye kioo, akaushika, nao akaugeuza nyuma. Haukuwa na muhuri popote. Akakikunja kitansi, akakitia ndani ya daftari.

Beni tulijaza tangi kwa chupa ya kupimia, mzee mwenyewe amechutama na tai yake. Ziliingia lita nane, kwa kilomita hamsini na kitu, wakati kitabu kilitaka nne tu. Yeye mwenyewe alikuwa garini njia nzima, na ufunguo wa kufuli ulikuwa shingoni mwake. Alifunga daftari, akasema tu, "Twende tukunywe chai," na akammiminia shofa chai kwa mkono wake mwenyewe, sukari vijiko vitano. Shofa aliinywa yote bila kumtazama.

Mnajua alifanya nini baada ya hapo? Aliandika karatasi. Kichwani ilisema ni hati ya uthibitisho kwamba shofa wake hakuiba, chini ikawa na sahihi, muhuri wa bohari, na plastiki juu. Alimkabidhi shofa kwa mikono miwili, mbele yangu, akiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi kubwa. Shofa aliisoma, akamrudishia. "Tata, weye ulinisema kwa mudomo, mbele ya batu. Unisafishe vilevile." Mzee alisimama pale na karatasi yake mkononi, na kwa mara ya kwanza nikamwona ameogopa. Maisha yake yote hakuwahi kusema mbele za watu bila kusoma. Hata matangazo ya kanisa, hata "karibuni chakula" kwenye harusi ya mwanawe, alisoma.

Jumapili alisimama. Mkono wake uliingia mfuko wa koti, ukatoka mtupu, ukaingia tena. Alikuwa ameiacha karatasi nyumbani kwa makusudi, mke wake aliniambia baadaye. "Huyu baba," akasema, "nilimuita mwizi. Hapana mwizi. Nilibeba kwaya, nilibeba kabati ya Pasta, nilibeba mbuzi, halafu naandika eti muzigo hakuna. Miye mwenyewe njo nilimaliza mazutu yangu. Munisamehe. Lakini yeye kwanza." Watu walicheka mpaka mabenchi yakatikisika, hasa kwaya, na katikati ya kicheko niliona shofa anajifuta macho kwa mkono wa shati. Funguo alirudishiwa pale pale mlangoni. Wakwe wa Beni wakapata nafasi wiki iliyofuata, na binti akaolewa. Mbuzi wa harusi ile alisafiri na pikapu, na safari hiyo mzee alimwandika kwenye daftari, kwenye mstari wa mizigo.

Nimemfikiria sana wiki hii. Sisi watu wa milima hii tunabeba mengi bila kuyahesabu, kwa sababu ni ya ndugu, na jioni tunaanza kumtafuta aliyetuibia nguvu. Mwalimu anayesomesha watoto wa kaka zake watatu anashangaa mshahara unapotelea wapi, halafu anamtazama mke wake vibaya. Mke naye ameamka kabla ya kila mtu, amebeba nyumba nzima mgongoni, na ukimuuliza amefanya nini leo atakujibu, "Bure, nilikuwa tu nyumbani." Sisemi tuache kubeba. Mzee hakuacha, mpaka mwisho ulikuwa huwezi kuona kioo cha nyuma cha gari lake. Alichoacha ni kumlaumu mwingine kwa uzito alioupakia mwenyewe, na katika umri ule, akiwa na cheo kile, hilo nimeona wachache sana wakiliweza.

Mimi sikuliweza. Baada ya ile safari niliandika sahihisho katika gazeti, mistari minne, chini kabisa ya ukurasa, chini ya matokeo ya mpira. Nikajiona mstaarabu. Miaka imepita, nimekutana na shofa mara mia, tumesalimiana juu ya mvua na barabara. Jana nilikwenda kilioni, nikamkuta anapanga viti. Leo ndiye anayempeleka mzee Masereka, kuzikwa kwao. Nilianza kuzungusha maneno juu ya marehemu, na yeye akanisubiri na kiti mkononi. Basi nikasema: "Baba, ile maneno niliandika juu yako, nilikosa. Nilicheka na jina yako. Unisamehe."

Akaweka kiti chini. "Uliandika kama ulikosa?"

"Niliandika. Mistari minne."

"Ile niliiona," akasema. Akanishika mkono, akaukamata kwa muda. "Leo njo nimesikia."

Kama nawe kuna mtu uliyemkosea, na bado anaishi, na nyumba yake unaijua, weka gazeti hili chini uende.