Kamba Wangu kwa Tantine Béa

Juzi, kwenye mapokezi ya hoteli moja hapa Kolwezi, niliona akwariamu yenye samaki wenye milia, na kamba wadogo wa mtoni wakitembea juu ya mawe. Nilisimama pale mpaka mhudumu akaniuliza kama ninamngoja mtu.

Nilipokuwa mtoto, katika mtaa wa Dilala, niliwafuga kamba kama hao kwenye beseni. Niliwakamata mtoni kwa chujio la mama. Dada yake baba, Tantine Béa, alikuwa na akwariamu sebuleni, ya sikilidi, samaki walio jamaa ya tilapia. Mchana mmoja aliniita.

"Balete, mama. Humu batapata barafiki."

Sebule ilinuka maji mabichi na mawese yaliyoungua, na pampu ilinguruma polepole. Tantine alinishikia beseni nikawamimina taratibu. Samaki walikuja mbio. Nilipiga makofi, nikidhani wanawabusu wageni wao. Kisha nikaona sharubu tupu zikielea.

"Tantine, banabakula!"

Hakushtuka. Alimgeukia rafiki yake aliyekuwa amekaa kwenye kochi. "Unaona? Bakikula hivi, rangi yabo inatoka muzuri."

Wakacheka wote wawili.

Leo najua kwamba sikilidi humla kamba yeyote anayeenea mdomoni mwake, na samaki sina kinyongo nao. Lakini Tantine alijua tangu aliponiita.

Nyumbani, mama aliniuliza kama shangazi amefurahi.

"Amefurahi sana," nilijibu, nikaenda kulala na viatu vyangu miguuni.