Mti wa Uyer

Mvua ikinyesha juu ya mikaratusi, hutoka harufu kama ya dawa ya kupaka kifuani, na mimi hukumbuka kosa langu. Nilisema "iko sawa" wakati sikujua kama iko sawa. Nilikuwa na miaka kumi. Nalitaja hapa mwanzoni kwa sababu najijua: nikiliacha hadi mwisho nitakuwa nimelifuta na kuliandika upya mara saba, mpaka lifanane na kosa la mtu mwingine.

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho upande wa juu wa mtaa wa Rwambuzi, mjini Bunia. Nyuma ya jiko palikuwa na ua wa miti wenye tundu, na ukipita tundu hilo ulikuwa umeingia chuo kikuu. Sijaona mahali pazuri kuliko pale, ingawa nakiri sijaona mengi. Majengo yalikuwa machache na mafupi, mabati yameanza kushika kutu, lakini kilima kizima kilikuwa cha mikaratusi, mirefu kiasi kwamba ulisikia upepo juu kabla haujakufikia usoni. Njia zilipangwa mawe yaliyopakwa chokaa. Mbele ya miti ardhi ilishuka hadi kwenye kijito, ikapanda tena, kilima nyuma ya kilima, kijani, halafu buluu, halafu rangi ambayo sijaipatia jina.

Majira ya mitihani wanafunzi walisoma kwa sauti, na hawakuketi. Kila mmoja alikuwa na mti wake. Alitembea kutoka kwenye mti hadi njiani na kurudi, silabasi, yaani kitini cha somo, mkononi, akirudia maneno mpaka yaingie kichwani. Mti wa mtu haukuchukuliwa na mwingine. Udongo uliokanyagwa chini yake ulitosha kuwa hati. Ukisimama kwenye tundu letu ungesikia sheria, dawa na kilimo zikisemwa kwa pamoja, kama kanisa ambalo kila muumini ana misa yake.

Mimi sikuwa na rafiki. Watoto wenzangu hawakunichukia, nilikuwa nawachosha tu. Niliwasahihisha wakiimba. Nilichana ukurasa mzima kwa ajili ya herufi moja iliyopinda. Mama, aliyekuja Bunia kutoka Butembo na marobota ya nguo za kuuza, alinitazama nikiandika upya kazi ya shule akasema, "Kambale, anayeona haya kuuliza njia atalala porini." Nilidhani anazungumzia barabara ya Nyankunde.

Uyer alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kilimo, kutoka upande wa Mahagi, kwenye ziwa. Mti wake ulikuwa wa mbali kuliko yote, ukingoni, mahali ambapo jua lilipiga mchana kutwa. Siku moja aliniona nimesimama namsikiliza, akaniita mdogo kwa Kifaransa.

"Petit, weye unajua kusoma Kifaransa?"

"Najua."

"Ya kweli ao ya Rwambuzi?"

Nilimwambia ya kweli. Akanipa silabasi. "Shika. Miye nitasema, weye fwata na kidole. Nikikosa, unisimamishe. Usinionee huruma."

Sikumwonea. Akisema "na" mahali pa "au", nilimsimamisha. Akimeza neno, nilimrudisha mwanzo wa mstari. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu tabia yangu ilikuwa na kazi. Wenzake walipita wakatucheka. "Ee Uyer, asistanti yako bado ananyonya."

"Mumuache," alijibu. "Huyu iko mukali kupita prof."

Tangu siku hiyo aliniita Prof. Kila nilipotoka shule nilipita tunduni mbio, na yeye alikuwa ananingoja. Tukichoka tuliketi kwenye mizizi, tukatafuna karanga, naye akanionyesha pengo kati ya vilima viwili. "Kwetu ni nyuma ya pale. Mbele ya kuona muntu, unasikia kwanza harufu ya samaki." Wanafunzi wa Bunia walikwenda kula kwao mchana. Yeye alibaki na mti wake.

Alikuwa ameanguka somo la udongo, na sasa alikuwa anangoja sesioni ya pili, mtihani wa marudio. "Nikianguka tena, narudi kwa ziwa," aliniambia. "Baba alisema mwaka moja, hapana mbili."

Jioni moja kabla ya mtihani alisema somo lote mfululizo kwa mara ya kwanza, maana siku zote tulichukua kipande kipande, macho amefumba, haraka kama mtu anayeteremka mlima. Niligeuza ukurasa. Maneno aliyoyasema hayakuwa chini ya kidole changu. Nikatafuta juu, nikatafuta chini. Kile Kifaransa niliweza kukisoma, kukielewa sikuweza, na sauti yake ilizidi kwenda mbele bila mimi. Mwishoni akafumbua macho.

"Prof, iko sawa?"

Kidole changu kilikuwa kimekaa juu ya mstari ambao sikuujua.

"Iko sawa."

"Yote?"

"Yote."

Alicheka, akaniwekea mkono kichwani.

Matokeo yalibandikwa kwenye ubao ambao wanafunzi waliuita valvu. Nilikwenda peke yangu, nikapenya kati ya miguu ya watu. Jina lake lilikuwa chini kabisa, kati ya walioanguka.

Kesho yake nilisikia sauti uani. "Mama, Prof iko?" Nilijificha nyuma ya jiko, kati ya kuni na ukuta. Nilikuwa nimeshaamua kilichomleta: ameona sehemu tuliyoruka, na amekuja kuniuliza. Nilisikia mama akimpa chai. Nilisikia benchi likilia chini yake, kisha mama akisema kitu kuhusu gari la Mahagi, kisha benchi likalia tena.

"Kambale," mama aliniambia baadaye, "mugeni wako alikungojea mpaka chai ikapola. Ulikuwa wapi?"

"Choo."

"Muda wote ule?" Akanipa silabasi. "Alisema: mupatie Prof wangu."

Niliifunga ndani ya mfuko wa plastiki, nikaiweka chini ya sanduku. Sikupita tena tunduni. Miti ya ua ikaota, tundu likafungika lenyewe. Chuo kikuu sikwenda. Niliyoyajua nilijifunza peke yangu, mlango umefungwa, na hata kuandika mabango ya maduka, kazi inayonilisha leo, nilijifundisha hivyo. Kwa miaka mingi sikumruhusu mtu aone bango langu kabla halijakauka. Niliogopa kuulizwa kama iko sawa.

Mwaka jana nilikuwa nahama nyumba, na mfuko ule ukatoka chini ya sanduku. Nilisoma silabasi yote, polepole, na safari hii nikaielewa. Mwishoni kulikuwa na orodha ya sura, ukurasa ambao kidole changu hakikuwahi kuufikia. Sehemu moja ilikatwa kwa penseli, na kando yake, kwa mkono wake, iliandikwa kwamba haikufundishwa. Ilikuwa sehemu ileile. Aliiruka kwa kusudi. Kama ningesema nimepotea, angecheka, angenigeuzia kurasa mbili, na tungeendelea. Alianguka kwa jambo jingine, ambalo sitalijua.

Nilipanda kilimani, safari hii kupitia lango. Mti bado upo. Nilisimama chini yake, kisha nikajaribu mingine, mmoja mmoja, hadi karibu na majengo. Pengo la vilima, lile la kwao, linaonekana kutoka kwenye mti ule tu. Ndipo nilipoelewa kwa nini aliuchagua, na kwa nini mtu wa chuo kikuu alimhitaji mtoto wa miaka kumi kumshikia silabasi. Siku ya kuondoka, kilima kilikuwa kimejaa wanafunzi, naye alikuja kuketi kwenye benchi letu, akaningojea mpaka chai ikapoa. Alikuja kuaga. Hakuwa na mwingine wa kumuaga.

Sijui yuko wapi. Nimeuliza watu wawili wa Mahagi, hawamjui.

Siku hizi, kabla rangi ya bango haijakauka, namwita mpita njia anisomee kwa sauti. Na mtu akinipa kitu nifuate, nikapoteza mstari, nasema nimepotea.