Siku Niliyompeleka Ami Kuposa kwa Pikapu

Aibu hii ni yangu peke yangu, sina wa kumsingizia. Miaka ile ya hamsini nilikuwa dereva hapa Nakuru, naleta viazi kutoka Molo kwa pikapu kuukuu ya tajiri wangu, na nilimpenda Salma, binti wa Mzee Athmani, hata chakula hakipiti.

Siku ami yangu alipokwenda kuniposea, desturi ilitaka mimi nibaki nyumbani, lakini nikajifanya mwema, nikasema nitampeleka kwa gari (uongo mtupu, nilitaka kumwona Salma hata kisigino tu). Tatizo hendibreki, breki ya mkono. Haikushika mlimani, na dawa yake ilikuwa kufungua magurudumu ya nyuma na kubadilisha lainingi za breki zilizokwisha, kazi ya nusu siku; mimi, kanzu yangu imeshapigwa pasi, nikatandika gunia nikaingia chini, nikakaza nati ya waya, nikavuta mkono, nikasikia krrr, nikaridhika. Kwa Mzee Athmani ni mteremko, na siku zote nikiegesha mlimani niliweka jiwe nyuma ya gurudumu, lakini siku ile niliona jiwe litaniaibisha mbele ya mkwe, nikalisukuma mtaroni kwa kiatu. Kuinua macho, Salma yuko dirishani. Akatabasamu, nami nikaingia ndani kama mtu aliyekwisha oa.

Tuko kwenye kahawa, Ami anasifu utulivu wangu, Mzee Athmani akachungulia mlangoni.

"Kijana, gari yako yaenda."

"Haiwezi, mzee, nimeikaza mwenyewe."

Ilikwenda. Ilirudi nyuma polepole, ikaangusha ua wa bafu la jirani (jirani alikuwamo, sabuni kichwani), magunia ya Molo niliyokuwa sijayashusha yakapasuka na viazi vikateremka barabarani. Salma akatoka na kanga yake, akainama kuokota pamoja nami, anacheka, na mimi ningeweza kuokota viazi hivyo mpaka leo.

Mzee hakukasirika. "Breki hulegea," akasema. "Ulijua haishiki?"

"La, mzee, sikujua."

Salma akaacha kucheka. Akaweka kiazi chini, akaingia ndani.

Wiki ya pili Ami alifuata jibu. Mzee alikuwa radhi. Binti ndiye aliyekataa. "Amesema gari si kitu," Ami akaniambia, "lakini wewe alikuona ukilisukuma jiwe."

Aliolewa Subukia. Nami nilioa, nikapata watoto, na bado namkumbuka. Nikiulizwa jambo siku hizi nasema kweli hata ikiniuma, na watu hunisifu, kumbe namjibu Mzee Athmani tu, na nimechelewa.