Koplo Aliyetuhesabu

Tulitoka Kisumu kwa treni, daraja la tatu, na kila treni iliposimama baba mdogo alitupanga foleni na kutuhesabu. Hakujali kama ni stesheni kubwa au mahali pa kutia maji tu. Alisimama mlangoni mwa behewa na koti lake zito la jeshi, jua likimkaanga, akaita, "Hesabu!" Watoto wake wanne wakaitika kwa kimo: "Moja! Mbili! Tatu! Nne!" Mama mdogo, mtoto mchanga mgongoni, akasema, "Tano," kama mtu anayeitikia hodi. Mchanga hakuhesabiwa, alikuwa bado hajafikia umri wa kuandikishwa. Kisha wote wakanigeukia mimi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha pili, nina kalamu ya wino mfukoni, nakwenda Nairobi kutafuta ukarani.

"Sita," nilinong'ona.

"Sikusikii, msomi!"

"Sita!"

Behewa zima lilicheka. Mama mmoja mwenye kuku aliuliza kama sisi ni wafungwa.

Huyu alikuwa mdogo wake baba yangu. Burma alikwenda, katika vita vya pili, hilo halina ubishi. Koti lilikuwepo na nishani ilikuwepo. Ila kwa kadiri nilivyoweza kumdodosa, vita vyake vyote alipigana na nyumbu wa kubeba mizigo, na nyumbu ndio walioshinda. Alirudi na cheo cha koplo, na imani kwamba dunia ingenyooka kama ingepangwa foleni. Alirudi na jambo jingine pia. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa na kuanza kutembea yeye akiwa vitani, na siku aliyofika nyumbani mtoto alimkimbia akilia. Aliapa siku hiyo kwamba hatalala tena mbali na watu wake.

Shida ni kwamba kazi ya bustani aliyokuwa amepata Lavington, mtaa wa Wazungu huko Nairobi, ilikuwa ya mtu mmoja. Chumba kimoja nyuma ya jiko, kitanda kimoja, na amri ya memsahib mwenye nyumba: mke na watoto wabaki rizavu, huko kwetu kijijini. Mtunza bustani aliyemtangulia, mtu wa Dagoretti, alichukuliwa na lori la askari asubuhi moja kabla ya chai, siku hizo za hali ya hatari, na kilichomsikitisha memsahib ni waridi zake. Baba mdogo alisikiliza amri, akapiga saluti, akasema, "Ndiyo, memsahib." Kisha akaomba ruhusa ya siku chache, akaja kutuchukua sote.

Alituficha kijeshi. Mluzi mmoja mfupi, na kila mtu alikuwa nyuma ya ua wa miiba, ndani ya banda la makaa. Nepi alizifua mwenyewe alfajiri na kuzianika chini ya fulana zake. Mpishi wa nyumba ile, aliyejua kila kitu na kutuletea mabaki ya nyama, alimcheka: "Koplo mzima, unafua mavi ya mtoto!"

"Wewe unapikia mbwa wa memsahib," alijibu baba mdogo. "Mimi napikia na kufulia watu wangu."

Kila asubuhi kulikuwa na paredi bandani, kwa kunong'ona: kucha, hesabu, masikio. Na kila Jumapili tulitoka mmoja mmoja kwenye tundu la ua, tukashuka kwa miguu kupitia Hurlingham hadi mjini, kwenye sanamu za askari watatu. "Yule wa kati ni mimi," aliwaambia watoto. Jumapili moja nikawaeleza kwamba sanamu zile ni za vita vya kwanza, wakati baba yao akichunga mbuzi. Baba mdogo alinitazama kwa huruma.

"Msomi," akasema, "hiyo pua si yangu?"

Tangu siku hiyo nilikataa kuhesabiwa. Paredi ilifika tano. Yeye akangoja kidogo, akinitazama, halafu akaendelea na masikio.

Miezi ikapita, memsahib asione hata unyayo wa mtoto. Kisha akaalika wageni wa chakula cha mchana kwenye nyasi. Mmoja alikuwa ofisa mstaafu mwenye masharubu, naye aliposikia kwamba mtunza bustani alikuwa Burma, akamwita ili awachekeshe wenzake. Alijaza kifua, akanguruma: "Sikwadi! Tenshen!"

Visigino vya baba mdogo viligongana. Alikuwa amewafundisha watoto kwamba mluzi maana yake ni kujificha, lakini amri ile ilikuwa kubwa kuliko mluzi. Bandani nikaona wanainuka. Nilimkamata wa tatu shati. Nikabaki na kifungo mkononi. Walipita ua wakipunga mikono kijeshi, weusi kwa makaa, wakajipanga kwa kimo mbele ya meza, mama yao mwishoni.

"Moja! Mbili! Tatu! Nne!"

"Tano," alisema mama mdogo. "Hamjambo."

Wageni walipiga makofi. Ofisa alicheka hadi akafuta machozi. "Askari mzuri kabisa!" Memsahib peke yake hakucheka.

"Hii watoto ya nani?"

"Yangu, memsahib. Yote."

"Wewe mtu mzuri, wewe nakaa. Hii yote nakwenda rizavu kesho."

"Hapana, memsahib. Mimi iliacha hawa wakati ya vita. Imetosha." Akapiga saluti. "Abautan!" Wote wakageuka, yule mdogo kabisa akigeukia upande usio wake, na wakaondoka kwa hatua zinazolingana.

Mimi sikutoka bandani. Mimi nilikuwa nimesoma.

Asubuhi yake mpishi alimwambia memsahib kwamba yupo kijana mmoja, hana mke, hana mtoto, hapigi kelele. Kwa hiyo nilipowasindikiza wale hadi stesheni, nikiwa nimebeba sufuria, waridi zilikuwa tayari zangu. Ukarani nilikuwa nimeutafuta hadi viatu vikatoboka. Bustani ile niliitunza hadi mvua za vuli, nikahama, na nimekuwa nikihama tangu hapo, miji isiyo na idadi, nikilala peke yangu popote ninapopenda.

Siku ile ya kuondoka, baba mdogo alizipita sanamu bila kugeuza shingo. Stesheni aliwapanga kando ya behewa, katikati ya watu na mizigo, koti limefungwa hadi shingoni.

"Hesabu!"

"Moja! Mbili! Tatu! Nne!"

"Tano."

Nilikuwa nimekwisha fungua kinywa.

"Kikosi kimetimia," alisema baba mdogo, na akaanza kuwapandisha.