Maige Aliponiamkia Chini ya Gugu Maji

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Naanza na hilo ili mkifika mwisho msijisumbue kunitukana. Nimeshajitukana vya kutosha.

Miaka ya tisini, gugu maji lilipotanda ziwani Mwanza hadi mitumbwi ikawa inasukumwa kama mikokoteni, nilifukuzwa shule. Kidato cha tano, jina Masalu, kosa: kuongoza mgomo wa maharage.

Sikuongoza. Siku ya mgomo nilikula sahani yangu na ya jirani.

Aliyenichongea ni Maige, tuliyelala naye kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini. Mgomo ulikuwa wake. Alipobanwa na mwalimu mkuu akataja jina langu, kisha akaupata ukiranja mkuu niliokuwa naugombea.

Basi nikaenda kukaa kwenye mawe ya ufukweni kule Mkuyuni, nampania na kumtukana kwa sauti. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: Maige apige magoti mbele yangu.

Gugu likafunguka.

Si kwa upepo. Lilikunjwa, kama mtu anavyokunja mkeka, na chini yake akaibuka msichana wa rika langu, nywele kavu kabisa. Akaniuliza kwa nini nalitukana ziwa la watu. Nikamwambia simtukani mtu wa ziwani, namtukana Maige. Akacheka, akasema anaitwa Ng'washi, akanishika mkono.

Ningekuwa na akili ningekimbia. Lakini ninyi hamkumwona Ng'washi.

Huko chini ni mji, wadau. Mizizi ya gugu inaning'inia juu kama mvua iliyogoma kufika chini, ng'ombe wananyoosha shingo kuila, na sato wanakatiza ndani ya nyumba bila hodi. Nilikaa kwao sijui siku ngapi. Tulichunga pamoja. Alinifundisha kupiga mluzi ndani ya maji. Nami nikamfundisha hesabu za kidato cha tano, akazimaliza kabla yangu.

Siku moja akaniambia kila mgeni huruhusiwa ombi moja kwa bibi yake. Hata kubaki kwao kunaombwa. Hata mke. Aliposema hilo la mwisho akaangalia pembeni.

Nilielewa, msidhani sikuelewa. Nikajisemea, huyu yupo tu, ataningoja. Kwanza Maige.

Bibi yake alikuwa mtu wa maneno machache. Kila nilipompa shikamoo alijibu tu, "Tumekuona." Nikadhani ni maringo. Nikapiga goti mbele yake, nikaomba Maige aletwe, aniamkie mbele ya watu wote.

"Ni hilo tu?" akauliza.

"Hilo hilo, bibi."

Ng'washi akainamisha kichwa. Nikadhani anaficha tabasamu.

Wakamvuta Maige kutoka juu, mswaki mdomoni, taulo begani. Alipoona ng'ombe wanakula mizizi inayotoka angani, magoti yakakunjika yenyewe.

"Masalu, ndugu yangu, nisaidie."

"Ndugu yako nani? Niamkie."

"Si tulikuwa darasa moja?"

"Ukanifukuzisha. Niamkie kama unavyomwamkia baba yako."

Akameza povu la dawa ya meno. "Shikamoo, baba."

Jamani, utamu ule! Nikaiacha ining'inie kidogo. Kisha nikakohoa kama mzee wa baraza. "Marahaba, mwanangu."

Vigelegele. Mmoja akaniletea kigoda, mwingine fimbo ya kutembelea. Bibi akanipa hongera ya kupata mtoto mkubwa hivyo.

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Bibi akanieleza taratibu, kama unavyomwelekeza mlevi njia ya kwake. Huko chini marahaba si jibu, ni kumpokea mtu. Ukimwitikia hivyo, umemzaa. Ndiyo maana yeye hakuniitikia hata mara moja: angeniitikia ningekuwa mjukuu wake, na Ng'washi angekuwa dada yangu. Alikuwa ananitunzia nafasi. Sasa nina mwana wa rika la Ng'washi, na kwao mwanamume haoi rika la mwanawe.

Maige, ambaye ujanja ulikuwa umeshamrudia, akasimama, akapangusa magoti.

"Baba," akasema, "sijala."

Tulirudishwa juu wote wawili. Mpaka leo mtu huyu akipata shida anakuja kwangu, na ajabu ni kwamba nikimkatalia, tumbo linaniuma mimi. Nilichojifunza ni hiki: mtu ukimlea moyoni kwa hasira, bado umemlea.

Lakini hilo nililijua baadaye. Siku yenyewe, kabla gugu halijafungika tena, nilimng'ang'ania Ng'washi. Nikalia kwamba nimedhulumiwa mara mbili, shuleni na kwao. Nikamwambia angenionya. Nikasema haiwezekani nikose masomo, nikose na mke, kwa sababu ya mpuuzi mmoja.

Akautoa mkono wangu begani kwake, kwa adabu, kama binti kwa baba.

"Ulipewa ombi moja, Masalu," akasema. "Ukamwomba Maige. Si huyo hapo? Mchukue."