Maharagi ya Masereka mu Kozi ya Kiarabu

Siku ya kwanza ya kazi niliingia mu auditoire, chumba kikubwa cha masomo, na mutoto wangu Masika ku mugongo na kilo mbili ya maharagi na mahindi ku mukono. Bwana Doyen, mukubwa wa kitivo, akanisimamisha ku mulango. "Mama, soko iko kule chini."

Nikamujibu ya kama mimi njo asistanti mupya wa mazoezi ya sarf. Akaangalia mutoto. Akasema nitafanya siku moja tu, yeye mwenyewe atakaa nyuma, kiisha ataamua kama ninabaki ao ninarudi jikoni. Nilikasirika mpaka masikio ikawa moto.

Ninyi bavijana munaosoma na projecteur, musikilize. Sarf ni elimu ya namna Baarabu banajenga maneno. Neno iko na shina, mara nyingi herufi tatu, na ile shina inatiwa mu kalibu, sawa matope ya tofali. K, t na b inatoa kitabu, inatoa katibu, inatoa maktaba. Profesa wetu, Mukatolika wa Kasaï, aliifundisha Butembo juu Kiswahili chetu kimejaa hayo maneno. Mama-mukwe aliniuliza kama sasa nitaacha misa. Nilikuwa na diplôme d'État tu, ile ya kumaliza sekondari, mais nilisikiliza hiyo kozi mwaka muzima, na asistanti wa zamani alipokimbia vita, Profesa akanichukua.

Craie, chaki ya ubao, ilikosa. Malori ya kuileta ilikwama Kirumba, waasi balikuwa mu barabara. Donc nilitandika chini kikwembe, kitenge changu cha pili, banafunzi bakazunguka. Maharagi nyekundu ya kule Masereka ilikuwa herufi za shina, mahindi ilikuwa herufi za kuongeza. "Mahindi inaingia na kutoka," nikabaambia, "lakini haragi hairuki mwenzake." Bakacheka, bakapanga, bakagombana juu ya punje moja. Hata mwenye kulalaka mu kozi alipiga magoti.

Pale katikati Masika akateleza ku mugongo, akavuta kikwembe. Maneno yote ikamwangika. Bwana Doyen akasimama, akakuja polepole na costume, suti yake ya ofisi, nikawaza: basi, jikoni.

Akapiga magoti. Akaokota maharagi tatu, akazipanga. Akashika punje ya mahindi.

"Mama Masika, hii M ya maktaba inakaa mbele, ao?"

"Mbele, Bwana Doyen."

"Basi kesho leta mengi. Na mutoto, umufunge muzuri."

Nilifanya miaka tatu, pale katikati nikazaa mutoto wa pili. Butembo kwanza, kiisha bakanituma Beni, ku chumba moja ya mutaa wa Beu, chini ya chef de section, mukubwa wa idara, aliyesalimia Masika mbele ya kunisalimia mimi. Nilipenda kila asubuhi ya hiyo kazi. Kiisha vita ikafika mpaka pale, bakafunga mulango, barua ikakuja: mama apumzike, alee batoto. Bananistaafisha na maziwa mu matiti! Nani anapumzikaka na batoto wawili? Hasira ingali.

Mais jana nilikuwa ninachagua maharagi ya chakula, Masika akachukua tatu nyekundu, akazipanga chini mustari moja, akatafuta punje ya mahindi akaiweka mbele. Akaniangalia.

"Mama, hii tupike ao tusome?"

Maji ilikuwa inachemuka tayari. Nikafunika nyungu, nikatandika kikwembe.