Mhakiki Aliyefumba Macho

Kila Ijumaa, kati ya matangazo ya vifo na habari za mpira, gazeti lilimwachia Bwana Sikio safu moja nyembamba ya kuhakiki maonyesho ya piano. Marafiki walimtania kwamba amepangwa mahali pazuri, maana anayetoka kwa marehemu kwenda kwenye mpira hana budi kumkanyaga njiani. Naye alicheka pamoja nao. Alijua kwamba wapiga piano wa mji ule, wachache ambao hawakujaza hata basi dogo, hawakufungua ukurasa mwingine kabla ya ule, na wengine waliusoma wamesimama, kwa hofu.

Jina la Bwana Sikio walimpa wao. Mzee yule hakuwahi kumvika mtu kilemba cha ukoka. Mpigaji akikimbiza mwendo ili ashangiliwe, Ijumaa ingemkuta ameandikwa kwamba alikuwa anakimbia, na kwamba hakuna aliyekuwa akimfukuza. Akisifu, alisifu kwa sentensi moja tu, na aliyesifiwa aliikata sentensi ile akaitunza mpaka karatasi ikawa ya njano. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," alipenda kusema. Makofi ya ukumbini ndiyo hakuyathamini kabisa. Aliwahi kuandika kwamba makofi ni mvua juu ya bati, kelele tupu, hayakuambii kama kisima kimejaa. Vijana wawili watatu waliojaribu kuandika uhakiki aliwachambua kama karanga, hadi wakahamia kwenye mpira. Akabaki peke yake, na tusimsingizie, alipenda kubaki peke yake.

Alikuwa na desturi yake. Akishaketi kwenye kiti chake cha nyuma karibu na nguzo, alifumba macho kabla mpigaji hajatokea, wala hakuyafumbua mpaka mwisho. Macho, alisema, ni mashahidi wa uongo; yakiona gauni zuri huapa kwamba yamesikia muziki mzuri. "Piano haihukumiwi kwa macho," aliandika mara moja, na wapigaji wakaikariri sentensi hiyo kama sala.

Miongoni mwao alikuwepo fundi nguo mmoja, binti wa fundi nguo, aliyeitwa Sindano kwa wembamba wake na kwa kazi yake. Mchana alishona sare za shule kwenye karakana ya mama yake. Jioni alikwenda ukumbi wa chuo, ambako mtunza ukumbi alimwachia piano kwa sharti kwamba afagie jukwaa. Bwana Sikio alikuwa amemwandika mara mbili. Ya kwanza alisema anapiga piano kama mtu anayebisha hodi nyumba ya matajiri. Sindano alilia, kisha akasikiliza mikono yake mwenyewe kwa mwezi mzima, akaona kweli, inabisha hodi. Ya pili mzee aliandika, "Sasa ameingia ndani." Kwa sentensi hizo mbili, Sindano alimwamini kuliko mtu yeyote duniani.

Siku chache kabla ya onyesho lake la tatu, alimfuata mzee nyumbani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Hakukaa. "Safari hii sipigi vya watu. Napiga nilichotunga mwenyewe. Mama amepata kazi ya kushonea shule nyingine mbili, anataka niwe karakana asubuhi mpaka jioni. Piano basi. Nimemwambia nitamjibu ukishaandika."

"Kwa nini ungoje maneno yangu, usiwaulize watu wako?"

"Watu wangu wananipenda, mzee. Watasema nini?"

Bwana Sikio alivimba kichwa kidogo, ingawa aliuficha uso wake. "Mimi siandiki kwa huruma."

"Ningetaka huruma ningekwenda kwa shangazi," Sindano akasema, akaaga.

Siku ya onyesho mzee alifuatana na dada yake mkubwa, mjane waliyekuwa wakiishi pamoja, ambaye maonyesho yote aliyahudhuria na karibu yote aliyalala. Mzee akafumba macho. Utunzi ule ulianza vizuri, tena vizuri mno. Mkono wa kushoto ulitembea chini taratibu, ukiuliza jambo, ukarudi ukauliza tena, na moyo wa mzee ukaanza kumdunda kwa furaha ambayo hakuwa ameionja siku nyingi. Akangoja jibu. Jibu halikuja. Palikuwa na ukimya mrefu, na ndani ya ukimya huo mtu alikohoa. Mkono wa kushoto ukauliza mara ya mwisho, ukimya ukarudi, kisha mvua ya bati ikanyesha ukumbi mzima.

Alirudi nyumbani na huzuni ya kweli. Alimpenda yule binti, na kwa sababu alimpenda hakumumunya maneno. Aliandika kwamba mtunzi ameuliza swali kubwa kisha akaliogopa. Kwamba mkono wa kulia umekaa pembeni kama mgeni aliyenyimwa chai. Kwamba anayeishiwa na neno katikati ya wazo lake bado hana la kutuambia.

Ijumaa asubuhi gazeti likatoka. Mzee alikuwa jikoni, amelishika, anajisoma, maana hata wahakiki hujisoma. Dada yake akaingia mbio kutoka uani.

"Wewe! Birika linapiga filimbi mpaka majirani wanalisikia, na wewe umekaa nalo hapo hapo!"

"Nilikuwa nasoma, dada."

"Unasoma kwa masikio?" Akaliepua motoni, akamnyang'anya gazeti, akasoma safu yake akiwa amesimama. Uso wake ukabadilika. "Mdogo wangu, hii umeandika ya onyesho gani?"

"La Sindano."

"Tulikwenda wote?"

"Ulilala."

"Sikulala! Mimi ninayesinzia hata harusini, siku ile nilikaa macho mwanzo mpaka mwisho. Ule mkono wa kulia ulipopanda kule juu kabisa, zile sauti ndogo ndogo, kama mtu anadondosha shanga kwenye sahani. Nilimkumbuka marehemu mume wangu. Nililia. Wewe unasema umekaa pembeni?"

Bwana Sikio alikwenda sebuleni, kwenye piano yake ya zamani iliyokuwa imegeuka meza ya kuwekea picha, akafunua kifuniko. Akaanza katikati, akipanda kwenda kulia, kibao kimoja kimoja, cheupe kwa cheusi. Sauti zilikuja. Zikawa nyembamba. Zikawa kama mtu anayesemea ndani ya blanketi. Kisha akabonyeza kibao, akasikia mbao tu, tak. Akabonyeza kinachofuata. Tak.

"Hiki kinalia?" akauliza.

Dada yake alisimama mlangoni. "Kinalia. Kinatoboa masikio."

"Na hiki?"

"Hicho nacho." Akasahau kwamba anazungumza na mtu aliyevunjika, akasema alichozoea kusema. "Nilikwambia nenda kwa daktari wa masikio, ukanicheka. Sikio la kufa halisikii dawa." Kisha akauona uso wa mdogo wake, akatamani kuumeza ulimi.

Mzee alikuwa anafanya hesabu nyingine, mbaya zaidi. Kwa nini hakujua mapema? Kwa sababu maonyesho yote mengine yalikuwa ya muziki anaoujua tangu ujana. Mpigaji alipopanda juu, kichwa cha mzee kilimjazia sauti zote kutoka kwenye kumbukumbu, safi, kamili, tena labda nzuri kuliko zilizopigwa. Kumbe katika wote aliowasifu mwaka ule, alikuwa akisifu kumbukumbu zake mwenyewe. Utunzi wa Sindano haukuwamo kichwani mwake, kwa hiyo kichwa hakikuwa na cha kumpa. Na kama angefumbua macho hata kidogo, angeiona mikono.

Alivaa viatu bila soksi akaenda karakana.

Sindano alikuwa dirishani kwenye cherehani, kitambaa cha buluu kimemjaa mapajani. Mama yake alikuwa nyuma akikata, akaitikia salamu ya mzee bila kuinua mkasi. Mzee alisema yote palepale, amesimama, kama mtu anayetapika: birika, vibao, tak, dada yake na shanga kwenye sahani. Sindano alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umenionea huruma, mzee," akasema taratibu. "Usianzie kwangu."

"Wallahi si huruma. Sisikii. Wiki ijayo nitaandika kwamba mimi ni kiziwi na kwamba nimekukosea."

"Utaandika. Halafu?"

"Halafu watu watajua."

"Watajua kwamba mzee hasikii. Kuhusu mimi watajua nini?"

"Dada yangu alilia! Ukumbi mzima ulikupigia makofi, nakuapia, hayo niliyasikia."

Sindano akatabasamu, na tabasamu lile lilimuuma mzee kuliko tusi. "Si wewe uliyetufundisha kwamba makofi ni mvua juu ya bati? Mimi niliamini, mzee. Mpaka leo naamini."

"Basi mpigie utunzi huo mhakiki mwingine."

"Nani?"

Mzee akawakumbuka wale vijana walioko kwenye mpira. Mama mtu aliacha kukata.

"Sawa," akasema Sindano. "Tuseme nimekubali kwamba husikii. Niambie wewe basi, kwa mdomo wako. Ilikuwa nzuri?"

Neno lenyewe ni dogo. Shangazi yeyote angelisema, mjomba yeyote, jirani mwenye haraka zake angelisema huku anapita. Bwana Sikio alifungua kinywa. Alimtazama yule binti machoni, macho yake yakiwa wazi kabisa, na akatamani kusema ndiyo kuliko alivyowahi kutamani kitu. Lakini alikuwa ameishi maisha yake yote bila kulisema neno hilo kwa kitu ambacho hakukisikia, na hakujua linaanzia wapi.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Sikuisikia."

Sindano akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia. "Asante," akasema. "Ungesema ndiyo, hata zile sentensi mbili za mwanzo ningezitupa." Akakivuta kitambaa cha buluu, akakilaza sawasawa chini ya sindano. "Mama nilishamjibu asubuhi."

Mzee hakuondoka.

"Samahani mzee," Sindano akasema kwa upole, "umenizibia mwanga."

Akasogea. Mguu wa binti ukakanyaga, cherehani ikaanza kunguruma. Mngurumo wa cherehani ni mzito, uko chini kabisa, na huo Bwana Sikio aliusikia vizuri mpaka alipokata kona ya mtaa.